Kijisanduku cha Baadaye

Zuhura mwanangu,

Salamu tutapeana kesho stesheni mbele ya watu, na nitalia kidogo kama inavyotakiwa, kwa hiyo hapa naziruka. Mambo ya kula, ya kulala, ya kufunga begi kwa kufuli na kutoazima nguo za watu, hayo nimekuimbia mwezi mzima mpaka ukaanza kunimalizia sentensi. Nayo nayaruka. Ninaandika jioni hii wewe ukiwa bado Katonga kumuaga mama yako mdogo, na ninavyomjua ndugu yangu, hatakuachia mpaka akufungie dagaa wa kutosha bweni zima. Kwa hiyo nafasi ninayo. Nguvu ndiyo sina, lakini nafasi ninayo.

Juzi uliniambia jambo ukiwa unaosha vyombo, umenipa mgongo ili nisikuone uso. Ulisema, "Mama, nimeongea na chuo. Wanaruhusu mtu kuripoti wiki mbili baadaye. Labda nisubiri kwanza nikuwekee mashine vizuri." Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Sikukubali. Tiketi ya kesho unayo, lakini nakujua, kwako tiketi ni karatasi tu. Na hizo wiki mbili nazijua zinavyokwenda. Mwaka jana zilikuwa siku tatu, zikala mwaka mzima.

Mashine yenyewe ni hii moja ya hapa dukani kwetu Kasingirima, ya mtumba, inayochapa barua za watu, kadi za harusi na mitihani ya walimu. Kila ikigoma, jina linaloitwa ni lako. Nataka nikueleze ilikuwaje mpaka chuma kile kikakaa juu ya kichwa chako. Sehemu unaijua, na sehemu hujawahi kuisikia kwa sababu sijawahi kuisema.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne. Nilikuwa nimesomea uhazili, najua kupiga chapa bila kuangalia vidole, na miaka ile ya wakimbizi mtu wa Kigoma mwenye ujuzi wowote alitafuta kazi kambini. Nikapata. Nilikuacha hapa Ujiji kwa bibi yako, Jumatatu napanda gari la wafanyakazi, Ijumaa narudi nimekuwa mwekundu kwa vumbi tangu nyusi hadi kisigino. Ulikuwa unanikimbia. Bibi yako alikuwa akininawisha uso kwanza, ndipo unakubali kuwa ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia chumba cha kompyuta cha vijana. Waliniita mwalimu. Mwalimu gani, mwanangu? Tofauti yangu na wao ni kwamba mimi nilikuwa nimeshaiona kompyuta kabla yao. Basi nikavaa sketi yangu ndefu, nikaninginiza miwani shingoni, nikafundisha.

Chumba kile tulikiheshimu kuliko zahanati. Mlangoni unavua viatu. Ukimaliza kazi unaifunika mashine kwa kitambaa cha mshono, na vitambaa vile walivishona kina mama wa kambini wenyewe, vina maua na njiwa na maneno ya kumkaribisha mgeni. Kijana akipiga chafya karibu na mashine anaomba radhi, sijui anamwomba nani. Wageni wakija kukagua niliwaonyesha sakafu kwa fahari, na kweli ilikuwa inang'aa. Halafu vijana wale wale waliovua viatu mlangoni walitoa mfukoni flashi iliyotoka sokoni, iliyozunguka kwenye mashine za wauza nyimbo wote wa kambi, wakaichomeka. Hakuna aliyenifundisha kuwa uchafu wa kompyuta hauingilii miguuni.

Kila asubuhi kilitokea kijisanduku pembeni, chini kabisa ya kioo, kwa Kiingereza. Siku ya kwanza nilikisoma nikaelewa nusu: ile programu ya kukinga virusi imepitwa na wakati, inataka apdeti. Nikamuuliza bosi. Akasema intaneti ya lile dishi la juu ya paa la ofisi ni ya ripoti tu, na tusiichezee. Kijisanduku kilikuwa na vibonye viwili, kimoja cha kukubali na kimoja cha kusema baadaye. Nikabonyeza baadaye, kikaondoka. Kesho yake kikarudi, nikakiondoa tena. Baada ya muda nilikuwa naufundisha ujinga huo kwa darasa zima: mkikiona hiki msiogope, bonyezeni hapa, kitaondoka. Waliandika kwenye madaftari yao. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, na hiyo baadaye ni lini?" Darasa likaangua kicheko. Nikacheka nami.

Sasa nikwambie habari ya Mama Esipe.

Alikuwa Mrundi wa makamo, mrefu, anatembea wima kama mtu aliyebeba mtungi hata akiwa mikono mitupu. Binti yake, Esperansi, ambaye kila mtu alimwita Esipe, aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa la kambini. Kwaya ile ilirekodi nyimbo zake chumbani kwangu, kwa kuwa ndicho chumba pekee jirani chenye dari. Mvua ikipiga turubai huwezi kurekodi chochote. Masika yaliyofuata Esipe akafa kwa homa. Basi kila siku ya posho, mama yake akishapokea unga na maharage yake, alikuja mlangoni, anatua mzigo, anavua kandambili, ananisalimia kwa Kirundi chake, "Mwalimu, bwakeye. Nifungulie mwana wanje, nimsikie kidogo."

Nilimvalisha zile spika za masikioni mwenyewe, maana alizivaa upande upande. Alikaa mikono mapajani akasikiliza nyimbo zote hadi mwisho. Hakuwahi kulia mbele yangu. Akimaliza alisema, "Ego," yaani ndiyo, kama mtu aliyekubaliana na jambo, anavaa kandambili anakwenda zake. Mimi mtoto wa madrasa wa Ujiji nikazijua nyimbo zile za kanisani, sauti ya kwanza na ya tatu. Ninaweza kuziimba hata sasa, na siziimbi.

Asubuhi moja tulifungua mashine tukakuta mafolda yote yamegeuka. Majina yapo, lakini kila moja lina kijishale pembeni, na ukilibonyeza hulikuti lile ulilolijua. Nilimpigia simu fundi mmoja wa mjini. Akasema hivyo ni virusi, dawa yake kupiga windo, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Unajua tulivyokuwa, kupiga windo kwetu ndiyo panadoli. Mashine ikiwa nzito, piga windo. Ikizima yenyewe, piga windo. Ikiwa nzima lakini fundi yupo na CD anayo, piga windo. Fundi alikuja, akakaa, akaniuliza swali moja tu: "Kuna cha kuokoa humu?"

Nikamjibu, "Hakuna, vimeshapotea vyote." Nikamletea soda.

Ilipofika saa nane mchana mashine ilikuwa nyepesi, tupu, inakwenda kama mpya. Nilimshukuru fundi wa watu mpaka akaona haya.

Siku ya posho Mama Esipe akaja, akatua mzigo wake, akavua kandambili. Nikamwambia kabla hajaketi. "Zile nyimbo zimepotea, mama."

"Zimepotea, zimekwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya virusi kama nilivyoielewa, yaani vibaya. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Zilikuwa humo tu? Pahali pamoja?"

"Humo tu."

"Yoo, mwalimu." Hakupaza sauti. "Siye tunakimbia, mbegu nilifunga mafundo mawili. Moja nikabeba, moja nikamfunga Esipe kiunoni. Nilijua mmoja anaweza kupotea."

Akavaa kandambili, akabeba unga wake. Siku za posho zilizofuata alipita mlangoni, akanisalimia, hakuingia. Ikawa hivyo mpaka kambi ilipofungwa na watu wakapandishwa malori ya kuwarudisha kwao. Lori lake lilipoondoka sikwenda kumuaga. Nilijipa kazi ya kufuta vioo vya chumba ambacho kesho yake kilikuwa kinabomolewa.

Nilirudi Ujiji nikanunua hii ya mtumba, nikafungua duka, nikawa mtu mwingine. Kambini kila mtu aligusa, hapa nikataka asiguse mtu. Mteja akija na flashi namtazama kama amekuja na nyoka. Neno la siri la mashine niliweka refu mpaka mwenyewe nikalisahau, wakati wa Ramadhani tena, kazi zimejaa, duka likafungwa siku nzima na mashine nzima nzuri inanitazama tu. Kila kijisanduku kilichotokea sasa nilikikubali bila kusoma. Nikakubali hata vilivyokuwa vya wezi. Mashine ikajaa programu za kusafisha, na programu nyingine za kusafisha zile za kusafisha, na kila asubuhi ilichukua muda wa kuchemsha maharage kabla haijafunguka. Nilitoka kwenye kutojali nikaingia kwenye hofu, na vyote viwili viliiua mashine vilevile.

Wewe wakati huo ulikuwa darasa la tano. Hukuogopa kitu. Nikigeuka ulikuwa umeshafungua pahali ambapo mimi sijawahi kufika, na nikikufokea unasema, "Mama, naangalia tu." Halafu akaja yule mwalimu wa shule ya msingi, analia karibu, flashi yake ya mitihani imejaa vijishale. Nilishaanza kumpa pole. Wewe ukapanda kwenye stuli, ukabonyeza huku na huku, ukaweka alama pale panapoonyesha vilivyofichwa, na mitihani ya mwalimu ikatokea yote, imepauka kidogo kama nguo iliyosahaulika juani. Ukanigeukia ukasema, "Mama, havijapotea. Virusi vimevificha tu."

Unakumbuka nilitoka nje? Ulinifuata, nikakwambia ni moshi wa jiko la jirani. Hapakuwa na jiko lolote, Zuhura. Esipe alikuwa humo. Siku fundi anachomeka CD yake, nyimbo zote zilikuwa humo, zimefichwa tu, na mtoto wa darasa la tano angezitoa kabla soda haijaisha. Ni mimi niliyesema hakuna cha kuokoa. Mama yake alinyang'anywa mwanawe mara mbili, na mara ya pili alinyang'anywa na mimi, kwa mdomo wangu. Sijui yuko wapi. Sina hata jina la kilima chao, maana Warundi kijiji hukiita kilima.

Ungedhani baada ya hapo ningekaa chini nikajifunza. Sikujifunza. Nilifanya kilichokuwa chepesi zaidi, nikakukabidhi wewe.

Tangu hapo ikawa "muiteni Zuhura". Ukiwa shuleni namtuma bodaboda, unakuja na sare yako unaketi, unaiponya, unarudishwa. Netiboli uliiacha mwenyewe, ukasema umeichoka, nami nikajifanya nimeamini. Wateja walikusifu, nami nikavimba kichwa kana kwamba sifa ni zangu. Ulipolala na malaria ile mbaya nilikuletea mashine kitandani, ukanielekeza cha kubonyeza huku meno yanagongana. Nilijiona mama mwema kwa sababu nilikuwa nimekufunika blanketi mbili. 

Na si kwamba hukujaribu kunifundisha. Ulijaribu. Ulikuwa unanieleza mara moja, mara mbili, na ya tatu unaninyang'anya mausi unafanya mwenyewe, maana mteja anasubiri. Nami niliiachia haraka sana ile mausi. Kujifunza kunataka mtu avumilie kuonekana mjinga mbele ya mwanawe, na mimi nilikuwa nimechoka kuonekana mjinga tangu kambini.

Mwaka jana ukapata nafasi ya chuo. Wiki ya kuripoti mashine ikazima. Ukasema unabaki siku tatu uiweke sawa. Katikati ya hizo tatu ikaja kazi ya mitihani, halafu umeme ukaunguza kitu, halafu muda ukapita. Watu walipouliza uliwaambia mkopo umechelewa, na mimi nilikuwa nimesimama palepale nikasema, ndiyo, hii mikopo ina matatizo. Mbele yako nilisikitika. Nilipokuwa peke yangu nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeamshwa alfajiri akaambiwa bado mapema, lala tena kidogo. Wewe ulipoteza mwaka, mimi nikapata usingizi.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue kabla ya kesho. Usiyabebe. Nimeyaandika ili niyatue, na si kwa kukutwisha.

Unakwenda kusomea kutengeneza programu, na huko mimi sina la kukufundisha. Ila nimekaa mbele ya vioo vyao miaka mingi kuliko pengine walimu wako, kwa hiyo nisikilize kidogo. Kwenye matangazo wanasema programu hii ni rahisi, unabonyeza mara tatu umemaliza. Kweli, kuiweka ni kazi ya asubuhi moja. Kukaa nayo ndiko kunakomshinda mtu. Walioiandika wanamfikiria mtu aliyetulia, aliyelala vizuri, mwenye bando na umeme na Kiingereza, ambaye hana mtu aliyesimama mbele yake anagonga meza kwa sarafu. Mtu huyo sijawahi kukutana naye. Kijisanduku kinatokea kinamuuliza: Una uhakika? Nani ana uhakika, mwanangu? Mimi sina uhakika na chakula cha jioni. Anabonyeza chochote kinachokiondoa, si kwa ujinga, ni kwa uchovu, na kwa kuwa kila kilichoandikwa humo kimeandikwa kama vile kosa ni lake.

Siku utakapokuwa wewe ndiye unayeandika hivyo vijisanduku, sikuombi miujiza. Mwambie tu kwa lugha yake kitakachopotea akibonyeza, na kama kuna namna ya kurudi nyuma. Yule fundi angeniambia maneno hayo mawili, habari hii ingekuwa nyingine. Yeye naye hakuambiwa na mtu. Na usimcheke mtu aliyeifunika mashine kwa kitambaa. Alikuwa anaitunza kwa namna anayoijua.

Nyamaza sasa nikusimulie ya leo, halafu nimalize.

Ulipotoka tu asubuhi kwenda Katonga nilifungua nusu ya mlango wa duka, nikakaa mbele ya mashine, nikafanya ile kazi uliyotaka kuibakia wiki mbili. Sikukuuliza kwa makusudi. Kwanza nilinakili kila kitu mara mbili, flashi moja nikaiweka kwangu na nyingine kwa jirani yetu Mama Rajabu, ndani ya debe lake la mchele, naye akaniapia hatapika wali mpaka nimwambie. Halafu kabla ya kufuta chochote nilifungua vilivyofichwa, nikatazama taratibu, folda baada ya folda, kama kuna mtu humo.  Kulikuwa na picha zako za shule za kila mwaka, ambazo sikujua unaziweka. Nimezinakili nazo.

Kisha nikachomeka ile flashi yako ya kupigia windo. Mara ya kwanza haikuona kitu. Mara ya pili nilichelewa kubonyeza pale inapowaka, ikafunguka kama kawaida na kunicheka. Nikanywa maji. Ilipokubali ikaanza maswali yake, lugha gani, saa za wapi, ifute sehemu ipi, na pale pa kufuta niliondoa mkono, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma upya kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikachagua. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Zuhura, ilipowaka na kuniandikia karibu, nilipiga kigelegele peke yangu, na Mama Rajabu akaitikia kutoka kwake bila hata kujua ni cha nini.

Wakati naendelea kurudisha vitu akaingia Baba Rukia, yule wa harusi. Kadi zake za mchango anazitaka leo. Akaniona nimeinama chini ya meza na nyaya, uso umejaa vumbi. Akauliza, "Mama Zuhura, mbona wewe? Zuhura yuko wapi?"

Nikamwambia, "Zuhura ameshasafiri."

Hukuwa umesafiri. Ulikuwa Katonga unalishwa samaki. Lakini nilitaka nilisikie neno hilo likitoka mdomoni mwangu, nione kama nitabaki nimesimama. Nilibaki nimesimama. Baba Rukia akasema, "Ah! Basi nani atatusaidia?" Nikamvutia kiti. Nikafungua kadi zake, zipo, majina yapo, maua yapo. Nikabonyeza kuchapa. Kimya. Nikabonyeza tena. Mashine ikasema hakuna printa, na printa iko palepale, nimeishika kwa mkono wangu. Alikaa, alivumilia, mzee wa watu, akapiga miayo kwa adabu. Mwisho akaniomba nimwekee kwenye flashi yake, akaenda kwa yule kijana wa karibu na soko. Flashi nikaikagua kwanza, nikampa. Alipokuwa mlangoni akasema, "Pole, mama, utazoea." Nilikasirika, halafu nikaona hakusema uongo.

Kwa hiyo hivi ndivyo hali ilivyo. Mashine inawaka, kazi za wateja zote zipo, neno la siri ni fupi na ninalikumbuka. Nimepoteza mteja mmoja. Nitapoteza wengine, na mwezi huu utakuwa mgumu, sitakuficha. Ukimaliza kusoma utapita pale dukani, nakujua, na vidole vitakuwasha. Nakuomba usikae kwenye kile kiti. Ukiigusa tu, kesho utakuwa na sababu, na mimi nitakuwa na sababu ya kukuachia.

Umekuwa ukinisoma kwenye mwandiko huu wa mkono unaopanda na kushuka kwa sababu ya printa hiyohiyo. Barua nilikuwa nimeanza kuichapa vizuri, ikakataa kutoka. Keshokutwa asubuhi nitaanza na hiyo printa upya. Nitakosea, na safari hii nitakaa nijue nimekosea wapi.

Panda treni, mwanangu. Printa niachie mimi.

Mama yako